Fangasi kwenye nyumba ya kupanga: mwenye nyumba anataka nipake rangi kwa gharama yangu. Jukumu ni la nani?

Mpangaji_Kijitonyama:

Habari za humu wakuu. Naomba msaada wa wanaojua ujenzi na wanaojua sheria, maana suala lina pande zote mbili.

Nyumba ipo Dar, ya chini, vyumba viwili na sebule, jiko, choo cha ndani. Tofali za inchi sita, bati, dari ya jipsamu. Nyuma kuna mpangaji mwingine, tunatumia paa moja na simtanki moja. Kodi imelipwa miezi sita, imebaki minne. Masika yalipokolea zimejitokeza sehemu tatu:

Chumba kikubwa, ukuta wa nje: kuanzia sakafuni mpaka juu kidogo ya goti rangi imevimba na kubanduka, chini kuna ungaunga mweupe, na nyuma ya kabati kumeota fangasi nyeusi.

Chumba cha watoto: kona moja ya dari ina doa la kahawia lenye pete, na sasa linaanza vidoti vyeusi.

Bafuni: vidoti vyeusi juu ya vigae na darini kote.

Mwenye nyumba anasema alitukabidhi nyumba ikiwa imepakwa rangi, kwa hiyo fangasi tumeileta sisi kwa kuanika nguo ndani na kufunga madirisha. Anataka tupake upya, la sivyo atakata kwenye dipoziti. Mkataba unasema mpangaji atafanya "matengenezo madogo madogo", basi. Naomba kujua nani anawajibika kwa kila sehemu, nathibitishaje chanzo, na je, nikitengeneza mwenyewe kisha nikakata kwenye kodi niko salama? Mtoto mmoja ana pumu, hivyo na usafi wenyewe naomba mnielekeze.

Fundi_Msingi:

Mkuu, hizo ni shida tatu zenye vyanzo vitatu tofauti, na kosa linaloendelea hapo ni kuzijadili kama moja. Mbegu za fangasi zipo hewani kwenye kila nyumba. Kinachozifanya ziote ni unyevu: uso wa ukuta ukikaa na unyevu wa asilimia 80 na kuendelea kwa siku kadhaa, zinashika, na chakula zinapata kwenye vumbi, rangi, mbao na karatasi ya jipsamu. Anayemiliki chanzo cha maji ndiye mwenye kazi. Rangi itakuja mwisho kabisa.

Ukuta wa chumba kikubwa. Ungaunga mweupe ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia tofali, yanabeba chumvi ya udongo na ya mchanga, yanakauka usoni na kuiacha hapo. Chumvi ikijikusanya nyuma ya rangi inaisukuma, ndiyo uvimbe unaouona. Maji ya namna hii ni nadra kupita mita moja kwenda juu. Sababu za kawaida ni nailoni ya msingi (inayozuia maji ya ardhini yasipande ukutani) kutowekwa au kutobolewa wakati wa ujenzi, udongo au zege la nje kupanda likafikia usawa wa sakafu ya ndani, au plasta ya nje kushushwa mpaka udongoni ikawa njia ya maji kuiruka nailoni. Angalia hilo la pili leo hii: simama nje, linganisha usawa wa udongo na sakafu. Udongo unatakiwa uwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 angalau.

Kuthibitisha, kata vipande viwili vya nailoni ngumu, sentimita 30 kwa 30. Futa ukuta ukauke usoni. Kimoja kibandike sentimita 30 kutoka sakafuni, kingine mita moja na nusu juu, ukuta uleule, gundi ya utepe pande zote nne bila kuacha upenyo. Acha saa 48. Matone yakiwa usoni, upande wa chumba, unyevu ni wa hewa ya ndani. Yakiwa nyuma ya nailoni, au ukuta umekolea rangi pale chini, unyevu unatoka ukutani. Kipande cha juu ni muhimu kwa sababu ndicho cha kulinganishia: chini pakilowa na juu pakabaki pakavu, hoja ya nguo za kuanika imeisha, maana mvuke wa nguo hauchagui ukuta wa chini tu.

Kabla hujasema ni ardhi, ondoa uwezekano wa bomba linalovuja ndani ya ukuta. Usiku, mkishakubaliana na jirani asitumie maji, funga koki ya kuingizia maji kwenye simtanki, weka alama ya usawa wa maji, na asubuhi angalia. Usawa ukishuka bila mtu kufungua bomba, kuna uvujaji kati ya tanki na nyumba au tanki la choo linapitisha. Kwa bomba la kutoka mtaani, funga kila kitu halafu soma mita mara mbili, saa moja kati yake.

Kona ya dari. Pete ya kahawia ni maji yaliyokuja, yakakauka, yakarudi. Fundi apande darini mchana atazame mwanga unaopenya, kisha amwagilie bati kwa mpira wa maji kuanzia chini kwenda juu, dakika 10 hadi 15 kila sehemu, mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Ukianza juu hutajua tundu liko wapi, maji yatateremka na kuingia kote. Watafute misumari iliyokosa kofia ya mpira, kofia ya bati iliyonyanyuka, maungio mafupi ya bati, na gata lililojaa majani likarudisha maji ndani.

Bafuni ni mvuke. Hapo mpangaji ana sehemu yake, ila uliza kwanza: dirisha linafunguka? Kama ni kioo kilichojengewa au luva zilizokwama, hewa haina pa kutokea hata ukioga maji ya baridi. Na kama kuna feni ya kufyonza, hakikisha inatoa hewa nje ya nyumba. Nyingi zinaishia juu ya jipsamu, mvuke wote unabaki darini na kuozesha blandaringi, yaani fito za mbao zinazoshikilia dari.

Mwanasheria_Ardhi:

Nianze na sheria yenyewe. Kwa Tanzania Bara upangaji wa nyumba upo chini ya Sheria ya Ardhi, Sura ya 113. Kifungu cha 88 kinaweka masharti yanayomfunga mwenye nyumba hata kama mkataba haukuyaandika. Mawili yanakuhusu moja kwa moja. Kwanza, anapopangisha sehemu tu ya jengo, na ninyi mna mpangaji mwenzenu chini ya paa moja, yeye ndiye wa kutunza paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu na maeneo ya pamoja. Pili, nyumba au chumba cha kuishi kiwe kinafaa kuishi binadamu siku unayoingia na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji.

Kifungu cha 89 kinakufunga wewe. Ulipe kodi, utunze jengo katika hali ya kuridhisha, umruhusu mwenye nyumba akague kwa wakati unaofaa, na ukitoka urudishe nyumba ilivyokuwa, isipokuwa uchakavu wa kawaida na uharibifu ambao hukuusababisha kwa uzembe. Mwenye nyumba wako atakitumia hiki, kwa hiyo kijue. Lakini huwezi kuambiwa utunze kwa kupaka rangi kitu ambacho maji yanakiharibu kupitia ukuta wa nje ambao ni jukumu lake.

"Matengenezo madogo madogo" kwa desturi ni kitasa, taa, kichwa cha bomba, kuzibua sinki uliloliziba. Paa na msingi si dogo. Ndiyo maana jibu la swali lako linategemea vipimo alivyoeleza Fundi_Msingi: ukuta wa chini na kona ya dari vikithibitika, ni vyake. Bafuni, kama dirisha linafunguka na hamlifungui, usafi ni wenu. Kama halifunguki, ni kasoro ya nyumba.

Kukata kodi: usifanye bila makubaliano ya maandishi. Kulipa kodi ni sharti lako na kutengeneza ni sharti lake, na ukivunja la kwako unampa njia ya kukutoa huku hoja ikihama kutoka kwenye ukuta kwenda kwenye deni. Akikubali utengeneze na ujirudishie kwenye kodi, muandike kiasi cha juu, kazi itakayofanyika, na kwamba risiti zitakubalika, wote msaini. Kuna kanuni ya kodi kusimama kwa sehemu pale nyumba inapoharibiwa na mafuriko, moto au dhoruba mpaka isifae, lakini hiyo haijatungwa kwa unyevu unaopanda polepole, hivyo usiitegemee.

Mtu akikwama, njia ni hii: barua, kisha usuluhishi. Serikali ya mtaa inaweza kuwaketisha, na Baraza la Kata lina kazi ya kusuluhisha tu, halitoi hukumu tangu marekebisho ya 2021. Lisipofanikiwa ndani ya siku 30 unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na angalia mkataba wako kama umelipiwa ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Mkataba usio na stempu unaweza kukataliwa kama ushahidi, na kesi nyingi za wapangaji zinaanza kuyumba hapo.

Afya_Mazingira:

Kuhusu mtoto mwenye pumu: asilale chumba chochote kati ya hivyo viwili mpaka chanzo kitengenezwe, na asiwepo ndani wakati wa kusafisha. Anayesafisha avae barakoa aina ya N95 au FFP2 (ya kitambaa haizuii mbegu), glavu za mpira na miwani. Fungua madirisha, funga mlango wa chumba, zima feni ya darini ili isisambaze.

Usikwangue ukuta mkavu wala kufagia. Lowesha kwanza. Sugua kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, kitupe kwenye mfuko uliofungwa. Kwenye vigae na rangi ya mafuta unaweza kumalizia kwa jiki, isizidi mililita 60 kwa lita moja ya maji, acha dakika 10, suuza, kausha. Kamwe usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi wala na kitu chenye amonia, gesi inayotoka inaumiza mapafu hata ya mtu mzima mwenye afya njema, sembuse mwenye pumu.

Kwenye plasta iliyolowa jiki ni kupoteza muda: inang'arisha usoni, maji yake yanaingia ndani, na wiki chache baadaye fangasi inarudi. Jipsamu iliyoota fangasi haisafishiki kwa sababu mizizi ipo ndani ya karatasi, ikatwe. Godoro lililoota nalo litoke. Nguo zifuliwe na zikauke juani. Kama eneo linazidi takriban mita moja ya mraba, aifanye mtu mwenye vifaa, na mwenye nyumba ahusishwe kabla.

Jambo ambalo watu hawalitumii: afisa afya wa kata. Sheria ya Afya ya Umma ya 2009 inampa nguvu ya kukagua nyumba inayohatarisha afya na kutoa ilani ya kuondoa kero hiyo. Mpe malalamiko kwa maandishi, taja mtoto na hali yake, ambatisha karatasi ya kliniki. Ripoti ya ukaguzi wake ni ya mtu asiye na upande, na ukifika barazani ina uzito kuliko picha zako.

Mama_Ploti_Mbezi:

Nami niseme kwa upande wa wenye nyumba, kwa nia njema. Ukuta wa chini na paa ni vyetu, hilo sibishi. Lakini tunaombwa kulipia na vitu ambavyo tungevizuia kwa elfu chache kama tungeambiwa mapema. Doa la dari likiwa na ukubwa wa sahani ni msumari mmoja. Likiachwa masika yote ni ubao wa jipsamu, blandaringi na rangi ya chumba kizima, na hapo nina haki ya kuuliza kwa nini sikuambiwa. Mpangaji atoe taarifa siku ileile anayoliona, kwa maandishi.

Halafu matundu ya hewa juu ya madirisha msiyazibe kwa magazeti na nailoni. Najua ni mbu na vumbi. Wekeni wavu. Kabati lisigusane na ukuta wa nje, acheni sentimita 5 hadi 10. Jiko la mkaa au gesi likiwaka ndani, dirisha liwe wazi, kwa sababu ya hewa yenu kwanza kabla ya ukuta wangu. Na mkiwa na kiyoyozi mlichokiweka wenyewe, bomba lake la maji litokee mbali na ukuta. Kiyoyozi kinachopoza chumba kupita kiasi kinafanya upande wa pili wa ukuta kuwa baridi, hewa ya joto ya Dar ikiugusa inaacha maji, na fangasi inaota kwa jirani ambaye hana hata feni.

Mpangaji_Kijitonyama:

Asanteni sana wote. Nimeweka nailoni mbili kama ulivyosema Fundi. Ya chini imelowa nyuma, usoni pakavu. Ya juu kavu pande zote. Simtanki halijashuka usiku. Nje, zege la uani liko karibu sawasawa na sakafu ya ndani, pengine sentimita 3 chini. Dirisha la bafuni ni luva, zinafunguka ila mbili zimekwama. Mwenye nyumba amekubali kuja na fundi wake, na fundi amesema atakwangua rangi, apige skimu na kupaka rangi ya mafuta "ili maji yasipite". Ni sahihi?

Fundi_Msingi:

Hapana, na mwambie kabla hajanunua vifaa. Rangi ya mafuta inaziba uso, maji hayaachi kuja, kwa hiyo yatapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Goti litakuwa kiuno. Na skimu ya jipsamu inakunywa maji, itabanduka hata kabla ya vuli.

Mpangilio wa kazi ni huu. Kwanza nje: kata zege la uani kando ya ukuta huo, upana wa sentimita 60 hivi, shusha mpaka sentimita 15 chini ya sakafu, mwaga jipya lenye mteremko wa sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita kuelekea mbali na nyumba. Nafasi ikikosekana, chimba mfereji mwembamba ujaze kokoto na uupe njia ya kutokea. Kata na plasta ya nje ile inayogusa udongo. Kwa nyumba nyingi za Dar kazi hii peke yake inapunguza unyevu kwa kiasi kikubwa, na ndiyo ya bei nafuu, lakini mafundi wa rangi hawaigusi kwa sababu si kazi yao.

Ikiwa haitoshi, ndipo dawa ya kuzuia maji inayochomwa ukutani kama sindano: matundu ya milimita 12, umbali wa sentimita 12 kati ya tundu na tundu, kwenye mstari wa udongo wa saruji unaounganisha tofali, ule wa chini kabisa juu ya sakafu, yasitokeze upande wa pili. Tundu lisafishwe vumbi kabla ya dawa kuingia. Likitobolewa katikati ya tofali badala ya kwenye udongo, dawa haisambai na maji yanapita pembeni.

Ndani, bomoa plasta mpaka sentimita 30 hadi 50 juu ya alama ya mwisho ya unyevu. Chumvi ipo ndani ya plasta hiyo, ukiibakiza itaendelea kuvuta unyevu wa hewa hata ukuta ukikauka. Piga brashi kavu kuondoa chumvi kwenye tofali, usioshe kwa maji. Kisha subiri. Kanuni ya mafundi ni kama mwezi mmoja kwa kila inchi ya ukuta, na tofali ya inchi sita inayokauka pande zote mbili inahitaji miezi mitatu hivi ya kiangazi. Ukuta ukae uchi, unatisha macho lakini ndiyo dawa.

Plasta mpya: saruji moja kwa mchanga nne, mchanga wa mto uliooshwa, kamwe si wa ufukweni. Dawa ya kuzuia maji kwa kipimo cha kwenye pakiti, mara nyingi kilo 1 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50. Unene milimita 12 hadi 15, iishie sentimita chache juu ya sakafu, pengo lifunikwe na skatingi. Inyweshwe maji siku saba. Rangi baada ya siku 28, na iwe ya maji, isiyong'aa.

Dari: ukipatikana msumari, badilisha na wenye mpira. Mvua mbili zipite bila doa kuongezeka, kisha kata jipsamu sentimita 30 kupita ukingo wa doa, kagua blandaringi, weka kipande kipya.

Forodhani:

Kwa wanaosoma wakiwa Mji Mkongwe, Lamu au Mombasa ya zamani: vipimo hivyo vya saruji si vya kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zile zinapumua. Ukizipiga plasta ya saruji unyevu unafungiwa ndani, mawe yanaanza kumeguka nyuma ya plasta, na mbao za boriti zinaoza pale zinapoingia ukutani. Tumieni plasta ya chokaa na mchanga, na kupaka chokaa juu yake badala ya rangi ya plastiki. Sheria ya Ardhi ya Bara haitumiki Zanzibar, hivyo huko andikeni wazi kwenye mkataba nani anatunza paa na kuta. Kenya wana Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, ambacho nacho kinamtaka mwenye nyumba aitunze nyumba ifae kuishi.

Mwanasheria_Ardhi:

Mpangaji, kwa kuwa mwenye nyumba ameanza kukubali, usilete ugomvi, lete karatasi. Andika barua hii, mpe nakala mbili, abaki na moja na asaini nyingine. Itume na kwa WhatsApp ili tarehe ionekane:

"Yah: Unyevu na fangasi katika nyumba niliyopanga. Ndugu, tarehe ___ nimeona unyevu (1) ukuta wa nje wa chumba kikubwa, urefu wa sm ___ kutoka sakafuni, (2) dari ya chumba cha watoto, kona ya ___, (3) luva mbili za bafuni hazifunguki. Kipimo cha nailoni cha saa 48 kimeonyesha maji yanatoka ndani ya ukuta, siyo hewani. Naomba paa na luva vitengenezwe ndani ya siku 14, na tukubaliane tarehe ya kuanza kazi ya ukuta na zege la nje. Nitafungua mlango kwa fundi siku yoyote nikijulishwa siku moja kabla. Mimi nitasafisha na kuendelea kuingiza hewa bafuni. Naambatisha picha ___ ."

Picha ziwe na rula au kitu cha kupimia ukubwa, moja ya karibu na moja ya chumba kizima. Ukuta ukishabomolewa plasta, mpige picha nyingine wote wawili mkiwepo na muandike kuwa ukuta upo hivyo kwa ajili ya matengenezo. Usiposema hilo kwa maandishi, na mkataba ukaisha kabla ya miezi mitatu ya kukauka, atakayekukagua siku ya kutoka ataona ukuta uliobomolewa na ataandika jina lako.

Chumba kikiwa hakilaliki wakati wa kazi, omba punguzo la kodi la miezi hiyo na liingie kwenye karatasi hiyohiyo ya makubaliano, kwa kiasi cha shilingi kilichotajwa. "Tutaelewana mbele" msiiandike.